Simu Mkononi na Mfuko wa Nyumba



Somo letu la mwezi huu latoka katika jambo tunaloliona kila mwaka hapa Kimali. Mkulima amelima, amepalilia, amepulizia dawa, amechuma na kuuza pamba yake. Fedha imeingia. Lakini mvua zinapokaribia tena, nyumba ile ile yatafuta mkopo wa mbegu na debe la mahindi. Ukiuliza fedha imekwenda wapi, hakuna wa kukuonyesha kitu. Hakuna bati, hakuna ndama, hakuna baiskeli. Zamani mtu aliyemaliza fedha ya pamba kwa pombe alijulikana kijiji kizima. Siku hizi fedha yaweza kwisha kimya kimya, mwenyewe akiwa ameketi uani kwake, mzima, hajaonja hata tone.

Sisemi kwamba simu ni kitu kibaya. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na mwaka uliofuata, 2008, ikaingia Tanzania. Kabla ya hapo, kijana aliyefanya kazi Mwanza au Dar es Salaam alimkabidhi mtu wa basi bahasha, kisha akaomba Mungu ifike. Leo mama aliyelazwa na mtoto hospitalini hupata fedha ya dawa kabla jua halijatua. Hilo ni jema kubwa. Anayetaka kuturudisha kwenye bahasha ya basi, mimi simfuati.

Lakini yafaa tuangalie jema hilo linavyofanya kazi. Limeondoa njia.

Fikirini mama wa zamani aliyetaka kitenge. Alingoja siku ya mnada. Alifungua sanduku, akahesabu noti, akazifunga katika pindo la khanga. Akatembea kwenye vumbi pamoja na wenzake, na huko njiani shemeji akamwuliza, “Leo wafuata nini huko?” Ikambidi ajibu, na katika kujibu akajisikia mwenyewe anavyosema. Alipofika alishika kitambaa, akapatana bei, akaondoka, akazunguka, akarudi tena. Mara nyingi jioni alionekana akirudi na chumvi, sabuni na fedha iliyobaki. Kitenge hakikununuliwa, wala hakuna aliyemkataza. Ile njia ndiyo iliyomshauri, na hakuilipa hata senti.

Sasa mwangalieni binti yake. Picha ya kitenge yamjia akiwa kitandani. Chini yake pana namba ya kulipia. Aandika kiasi, aandika namba yake ya siri, basi. Kati ya kutamani na kulipa hapakupita hata muda wa kuchemsha chai. Hakuna shemeji aliyemwuliza kitu, na noti hazikupita mkononi akaona zinavyopungua.

Tusidhani kwamba mambo haya yametokea kwa bahati tu. Wako watu wenye akili nyingi ambao kazi yao ni kufupisha njia hiyo. Mwaka 1999 kampuni ya Amazon ya Marekani ilipewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na sheria, kwa ajili ya namna ya kununua kwa kubonyeza mara moja tu. Hebu tulitafakari hilo: kumpunguzia mnunuzi hatua chache kulihesabiwa kuwa mali ya kulindwa mahakamani. Tena mwaka 2006 mtaalamu mmoja aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukisukuma kwa kidole picha nyingine huja, na nyingine, na nyingine. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na mnada hufungwa jioni. Ukurasa huu haufungwi. Baadaye bwana huyo mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia kazi yake.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya saa tunazokaa na simu, tusizihesabu kama saa za uvivu tu. Anayetazama simu saa tatu kila usiku amekaa mnadani saa tatu kila usiku, na fedha yote ya nyumba iko mkononi mwake. Ni nani kati yetu angemruhusu kijana wake akae mnadani usiku kucha na fedha yote ya pamba, halafu ashangae zikipungua?

Mimi mwenyewe nilinaswa. Ilikuwa usiku wa mwezi wa sita, nimekwisha kulala. Niliichukua simu nitazame saa ngapi, sikuwa na haja nyingine. Nikaona picha ya taa ya sola, kubwa, inamulika ua mzima, shilingi 45,000, na maneno kwamba zimebaki tatu. Nikatuma. Siku ya nne taa ikaja na basi. Ilikuwa ndogo kama kikombe cha mtoto, ikawaka siku mbili. Muuzaji hakupokea simu yangu tena. Lakini kilichoniuma si muuzaji. Mke wangu aliitazama ile taa akaniuliza kwa upole, “Baba, hii ni ya chumba kipi?” Nikakosa jibu. Taa mbili nzima zilikuwa zikining'inia ukutani nyuma yake.

Tuhesabu kidogo, maana somo bila hesabu huwa maneno matupu. Chukueni bando peke yake. Mtu akinunua la shilingi 500 kila siku, kwa mwaka ametoa shilingi 182,500. Tuseme kilo ya pamba yauzwa shilingi 1,150. Basi bando lake limekula karibu kilo 159 za pamba. Pimeni wenyewe ni mifuko mingapi hiyo, na ni siku ngapi za kuinama shambani. Wala si ajabu kwamba bando la siku moja humfanya mtu atazame zaidi: limelipiwa, na saa zikitimia linakufa, basi hulimaliza hata kama hana la kutazama. Katika kulimaliza ndipo hukutana na kitenge, na taa ya sola.

Kuna mambo mawili mengine ambayo lazima tuyataje, ingawa mengine tunaona haya kuyasema mbele ya wazee. La kwanza ni kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini simu ya baba ikiwa mkononi mwa mtoto, na namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mtoto huyo huyo, sheria itamwona wapi? La pili ni mikopo ya haraka. Fedha ikikwisha, simu ile ile iliyoonyesha kitu yakukopesha ili ukinunue, kisha yakata ada. Programu nyingine za mikopo huomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi, na ukichelewa kulipa, ujumbe wa aibu waenda kwa shemeji na kwa mkwe. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mwenye duka, mkopeshaji na mchezesha kamari, ambao zamani walikaa mitaa mbalimbali, wote wamehamia katika kifaa kimoja, nacho twalala nacho kando ya mto.

Je, tufanye nini? Wengine huapa kwamba kuanzia leo hawatanunua ovyo. Viapo hivyo nimeviona, na vyangu nimevihesabu, havifiki Jumamosi. Afadhali kuirudisha njia.

Tuna mfano karibu nasi. Akina mama wa vikundi vya kuweka akiba walio na sanduku la kufuli tatu wanajua ninachosema. Funguo hukaa kwa watu watatu, na sanduku halifunguliwi mpaka wote wawepo, mbele ya kikundi. Namna hii ya akiba ilianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ikaenea Afrika nzima. Mtu mgeni aweza kuona ni usumbufu mtupu: kwa nini kufuli tatu kwa sanduku moja la bati? Lakini usumbufu huo umewekwa makusudi. Mwenye tamaa ya ghafla hana budi kuwatembelea watu wawili na kujieleza, na kabla hajamfikia wa pili tamaa imekwisha pungua.

Basi tuifanyie simu yetu kufuli za namna hiyo. Iliyonisaidia mimi kuliko zote ni hii: laini ya fedha nimeitoa katika simu janja nikaiweka katika kitochi, kile cha vibonyezo, nacho hukaa katika sanduku la nguo. Simu janja yangu yaweza kunionyesha dunia nzima, lakini haiwezi kulipa. Nikitaka kununua, lazima niinuke, nifungue sanduku, na mke wangu anione ninafungua. Asiye na simu ya pili aweza kupeleka sehemu kubwa ya fedha ya msimu kwenye akiba ya kikundi au benki siku ile ile inapoingia, akabakiza ya matumizi ya juma tu.

Usiku simu isilale chumbani. Mwenye kisingizio cha kutazama saa, kama mimi, anunue saa ya ukutani. Hali kadhalika zimeni zile arifa za maduka na za michezo ya kubahatisha. Wito wa ndugu mwacheni apige, maana ndiyo kazi ya simu. Simu janja nyingi za miaka hii, tangu 2018 hivi, zina mahali katika mipangilio panapoonyesha umetazama saa ngapi kwa siku na katika programu ipi. Mwombeni kijana awafungulie hapo. Msimkasirikie kwa namba mtakayoiona.

Halafu daftari. Lile la senti chache, la mistari. Kila unapotamani kitu ulichokiona simuni, kiandike, pamoja na bei na tarehe, wala usikinunue mpaka mnada unaofuata upite. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, anayenunua kitu kupitia mtandao amewekewa na sheria siku 14 za kubadili mawazo na kukirudisha kwa sehemu kubwa ya bidhaa. Sisi tujiwekee siku zetu kabla ya kulipa, maana fedha ikishatumwa kwa mtu usiyemjua, kuifuata ni kazi nyingine. Yule mtu wa Luka 14 anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Siku hizi shida ni kwamba twahesabu tukiwa tumelala.

Watakaolisoma somo hili katika vikundi vya nyumbani wafanye hivi: kila mmoja afungue simu yake mwenyewe, atazame miamala yake ya mwezi mmoja uliopita, na aweke alama penye kila malipo ambayo asingeyafanya kama ingempasa kutembea. Mume na mke wafanye pamoja, bila kugombana kama yawezekana. Hakuna haja ya kutaja jumla mbele ya watu. Atakayependa ataje kitu kimoja tu.

Daftari langu mimi lina mistari 11 tangu mwezi wa saba. Minane nimeikata mwenyewe kwa wino. Miwili bado nangoja. Mmoja nimeununua, nao ni kifaa cha plau kilicholika, ambacho sikukiona kwenye simu hata kidogo; nilikiandika humo kwa kosa.