Kabla hujauza kazi ya ushabiki, soma yaliyonikuta na vitabu 30

Hili somo limenigharimu 90,000, nyie mnalipata bure.

Niko Idodi, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Nauza madaftari, ludo, karata na drafti. Oda napokea WhatsApp, mzigo napakia kwenye basi la Iringa. Kuna vijana pale mjini wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia, wengine wanaigiza wahusika, halafu dadu inaamua umepona au umeliwa. Wakatunga hadithi yao: Mkwawa, ngome ya Kalenga, joka kwenye mto Ruaha. Tamu kweli! Tukakubaliana nichape nakala 30, tugawane faida.

Kosa likawa jalada. Nilipiga picha joka la kwenye kitabu cha mchezo nikaliweka mbele, na jina la mchezo kwa herufi kubwa. Chini nikaandika "picha si yetu", nikajiona mjanja. Mteja wa kwanza, yuko Dar, akauliza: ruhusa unayo? Nikakosa jibu.

Ikabidi nisome. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, hailindi wazo. Kurusha dadu ili kujua nani kashinda ni wazo, tumia tu. Mkwawa ni historia, hana mwenye hakimiliki. Ila mchoro na maneno yaliyoandikwa vina mwenyewe tangu vilipotengenezwa, hata kama hajasajili popote. Kumtaja mchoraji siyo kupewa ruhusa. Jina la mchezo nalo ni alama ya biashara, ina sheria yake.

Nilichofurahia ni hiki. Januari 2023 wenye mchezo, Wizards of the Coast wa Marekani, walitaka kubadili leseni yao ya zamani, mashabiki wakawaka. Mwisho wakaachia kanuni za msingi, kurasa zaidi ya 400, kwa leseni ya Creative Commons. Hizo unanakili, unabadilisha, unauza, mradi uwataje kama leseni inavyoelekeza. Michoro ya vitabu vyao haimo.

Kwa hiyo hadithi yetu ni salama, jalada ndiyo hapana. Joka jipya kachora binti wa hapa kijijini, nimemlipa 10,000 na tumeandikishana, maana naye ana hakimiliki yake. Na wale vijana vilevile, karatasi. Majalada ya zamani nachana kwa mkono, hadi jana nimefika la 12.