Mafuta ya Ngozi na Suala la Propileni Glikoli

Ndugu zetu, katika darasa yetu mama mmoja ametuletea suala. Alinunua chupa ya mafuta ya ngozi, mwanawe akamsomea maandishi yaliyo nyuma yake, akamwambia kuwa ndani mna propileni glikoli, na kwamba hiyo ni aina ya alkoholi. Tangu siku hiyo mama yule hakujipaka tena, na moyo wake haukutulia. Akauliza: Je, sala nilizosali nimejipaka mafuta haya zimesihi, au yanipasa kuzilipa?

Suala hili si dogo, kwani twahara ni sharti ya sala. Lakini hukumu ya kitu haitolewi ila baada ya kukijua kitu chenyewe. Basi natukijue kwanza.

Propileni glikoli ni kioevu kizito kidogo, kisicho na rangi, na harufu yake ni kama hakuna. Aliyeitengeneza kwanza ni mwanakemia wa Kifaransa, Charles-Adolphe Wurtz, mwaka 1859. Nyingi yake leo hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta yachimbwayo ardhini. Hiyo haikutoka katika zabibu, wala tende, wala tembo la mnazi, wala haikuchachushwa. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika, ili ngozi isikauke ikapasuka.

Ama kuitwa alkoholi, hilo ni jina la wanakemia kwa jamii kubwa ya vitu vilivyofanana katika maumbile yake ya ndani. Kileo ni kimoja tu katika jamii hiyo. Na la ajabu ni kuwa neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja. Je, yuko atakayeuharimisha wanja kwa ajili ya jina?

Kwa hivyo propileni glikoli itokanayo na mafuta ya ardhini si khamri wala si najisi, kwani asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kinyume. Tena huchanganyika na maji na kuosheka kwa wepesi, hata yenyewe haizuii maji ya udhu kufika mwilini. Sala za mama yule zimesihi, wala hana la kulipa. Mwenye kutaka kuchungua asili, na achungue gliserini, ifanyayo kazi kama hiyo; kwani huweza kutolewa katika mafuta ya mimea, au katika shahamu ya wanyama, na nguruwe ni miongoni mwao.

Lakini jueni kuwa jina lisilotosha kuharimisha halitoshi pia kuaminisha. Iko diethileni glikoli, ambayo kwa jina na kwa sura yakaribiana na hii, nayo ni sumu. Mwaka 1937 huko Marekani ilitiwa katika dawa ya kunywa, wakafa watu zaidi ya 100. Na mwaka 1938 ikatoka sheria ya kusimamia dawa, chakula na vipodozi. Na mwaka 2022 huko Gambia, dawa za kikohozi zilizokutwa na sumu hiyo na nduguye, ethileni glikoli, zilihusishwa na vifo vya watoto wasiopungua 66. Mauti hayo yalitokana na kunywa, si kujipaka. Lakini mazingatio ni mamoja.

Na hii yetu nayo, ingawa si sumu kwa mwenye kujipaka, wako ambao ngozi zao haziipatani nayo, zikawasha na kuwa nyekundu. Basi mwenye mafuta mapya na ajaribu kidogo mkononi kwa siku chache kabla ya kujipaka mwilini. Wala asiyatie juu ya kidonda, wala juu ya mtoto mchanga, bila ya kumuuliza tabibu. Na chupa isiyo na maandishi ya vilivyomo, iacheni dukani hata ikiwa rahisi.

Basi tusiharimishe kwa kusikia jina, wala tusiamini kwa kusikia jina. Tusome, tuulize, kisha ndipo tuhukumu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.