Usimfunge Tumbo, Mrudishie Maji

Haya wadogo zangu, sogeeni. Likizo ya Desemba hiyo, mabegi yanafungwa, watoto wanapelekwa kwa bibi. Na swali mnaloniuliza kila msimu huu ni lile lile: "Dada, nibebe dawa gani ya kufunga tumbo mtoto akianza kuharisha njiani?"

Mdogo wangu, usibebe ya kufunga. Beba ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji.

Kuharisha maji matupu, kwa watoto na kwa wasafiri, mara nyingi huletwa na aina ya bakteria wa E. koli wanaoingia kwa maji au chakula kichafu. Hawatoboi utumbo. Hujishikiza ukutani na kutoa sumu, mojawapo ikiwa ndugu wa karibu wa sumu ya kipindupindu. Sumu hiyo huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili, na mtoto mdogo hukauka upesi.

Lakini kuna mlango ambao sumu haiufungi: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, maji yakifuata nyuma. ORS hupita hapo hapo. Haikaushi choo palepale, ila ndiyo inayomwokoa mtoto.

Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja nzima ya maji safi. Kila akiharisha, aliye chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa wake, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Usimwachishe ziwa wala chakula. Mwongezee vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa hajatimiza miezi 6.

Na ule wali uliolala nje usiku kucha, usimfungie wa safari. Kuna sumu ya bakteria isiyoharibika hata ukiupasha moto ukatokota.

Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea, hakojoi, au hawezi kunywa, shuka kwenye basi umwahishe kituo cha afya kilicho karibu. Safari itasubiri.

Leo hii, kabla hujafunga begi, pitia duka la dawa. Weka pakiti mbili za ORS juu kabisa, mkono unapofika haraka.