Ekstensheni Si Waya wa Ukutani: Somo Kutoka Banda la Robanda

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mvua imekatika muda si mrefu. Nilikuwa nyumbani Robanda kwa likizo, nimekalia tairi nje ya banda la mjomba, nikimsubiri amalize geti la kambi moja ya watalii. Kijana anayejifunza kazi kwake, wa miaka 17 hivi, alikuwa peku kwa sababu yeboyebo zake zilijaa matope. Akaegemea ukuta wa bati. Alipiga kelele moja, akarushwa chini kama mtu aliyesukumwa. Mjomba alikimbia akachomoa plagi. Tulimpeleka zahanati, wakamwangalia, jioni hiyo hiyo akarudi kwao, mkono bado unatetemeka.

Kilichonichanganya ni kwamba hakugusa waya wowote. Aligusa ukuta.

Tulipozunguka nyuma ndipo tukaona. Waya wa ekstensheni ulitoka kwenye soketi ya nyumba, ukakatiza uwanja, ukapenya tundu lililotobolewa kwa msumari kwenye bati, ukaingia bandani. Kila grainda inapovutwa, waya unacheza, na ukingo wa bati unakula plastiki kidogo kidogo. Siku hiyo ukafika kwenye shaba. Ukuta mzima ukawa na umeme.

"Mjomba, huu waya una muda gani hapa?"

"Tangu nifungue banda. Miaka mitatu hiyo, mwalimu, na haujawahi kunisumbua." Ananiita mwalimu tangu nichaguliwe kusoma ualimu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani.

Sikuwa na jibu. Nimefaulu mitihani ya fizikia, ya umeme ikiwemo, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini waya wa pasi uko tofauti na waya wa ukutani. Niliporudi chuo nikaenda kusoma. Naandika hapa kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa elimu kuliko tunavyodhani. Tangu Januari 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea wanafunzi wa mkondo wa amali, na amali maana yake karakana. Mwalimu atakayesimama katikati ya hiyo karakana, huku vijana 40 wanagombania soketi mbili, anaweza kuwa wewe au mimi.

Tuanze na waya wenyewe. Waya wa ukutani una shaba nene, uzi mmoja au nyuzi chache, na umewekwa ukae: ndani ya bomba au plasta, hauguswi, haukunjwi. Waya wa ekstensheni, wa drili, wa grainda, una nyuzi nyingi nyembamba kama nywele ili uweze kupinda mara elfu bila kukatika. Umetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachotembea. Gharama ya ulaini huo ni kwamba hauna ngao. Kati ya umeme na kidole chako kuna tabaka mbili za plastiki, basi. Usalama wake unatokana na jambo moja: uko wazi machoni pako, unaukagua, na kazi ikiisha unautoa. Ukiugeuza kuwa wa kudumu umepoteza ulinzi wa aina zote mbili. Hauna bomba, na hakuna anayeutazama tena.

Ukishalielewa hilo, kanuni zote zinakuwa rahisi. Wamarekani wameziandika wazi katika kanuni yao ya taifa ya umeme, NEC, ambayo hutolewa upya kila baada ya miaka mitatu. Sura ya 400 inahusu nyaya laini, na ndani yake kifungu cha 400.12 kinataja matumizi yasiyoruhusiwa. Waya laini usichukue nafasi ya waya wa kudumu wa jengo. Usipitishwe kwenye tundu la ukuta, dari au sakafu. Usipite mlangoni wala dirishani, usipigiliwe ukutani, usifichwe nyuma ya ukuta au juu ya dari, usiwekwe mahali unapoweza kuumizwa. Niliposoma orodha ile nililiona banda la mjomba mstari kwa mstari. Na si banda lake tu. Ukipita gereji za Mugumu utaona waya umepigiliwa misumari iliyokunjwa kwenye nguzo ya mti, mwingine umepita chini ya Land Cruiser, mwingine umebanwa na mlango unaofungwa kila siku.

Lakini sisi hatuko Marekani, utasema. Kweli. Plagi yetu ya pini tatu bapa ni ya kiwango cha Uingereza, BS 1363, kilichoanza mwaka 1947, na volti zetu ni 230, si 120 za kwao. Maana yake ni kwamba kosa lile lile kwetu linauma zaidi.

Sasa kuhusu ununuzi, maana hapa ndipo tunapopigwa. Dukani unaambiwa "huu mnene", unalipa. Unene wa plastiki haukuambii kitu. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa waya. Ukikuta H05VV-F, 05 ni volti 300/500, V mbili ni plastiki ya PVC ndani na nje, F ni nyuzi laini. Huo ni wa nyumbani: jiko, feni, redio. Kwenye karakana jua linaukausha, cheche za grainda zinautoboa, oili inaulainisha. Wa kazi ngumu ni H07RN-F: volti 450/750, R ni mpira, N ni mpira wa neoprini unaovumilia oili. Mbele yake utaona kama 3G1.5. Tatu ni idadi ya nyaya ndani, G maana yake mmojawapo ni wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, na 1.5 ni milimita za mraba za shaba. Ukiona X badala ya G, hakuna waya wa ardhi humo, na mashine ya chuma isiunganishwe nao hata ukibembelezwa vipi. Kama waya hauna maandishi kabisa, urudishe dukani.

Milimita hizo ndizo zinazoamua mzigo. Kwa waya laini wa kawaida, 0.75 hubeba ampea 6, 1.0 ampea 10, 1.25 ampea 13, 1.5 ampea 16, na 2.5 ampea 25. Grainda kubwa ya wati 2,200 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 10. Mjomba alikuwa akiitumia kwenye waya wa 0.75 wenye mita 30.

Tupige hesabu, ni ya kidato cha pili tu. Shaba laini ya 0.75 ina ukinzani wa omu 26 hivi kwa kilomita. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo mita 30 ni mita 60: omu 1.56. Zidisha kwa ampea 10, unapoteza volti 15.6 njiani, ndiyo maana grainda inalegea na fundi anaikandamiza zaidi. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: wati 156. Kwenye waya ulionyooshwa uwanjani joto hilo linatawanyika. Ukiuacha umeviringishwa kwenye rola lake, wati 156 zote zinakaa mahali padogo kama sufuria, na plastiki inayeyuka kutoka katikati, usikoona.

Watu wengi, hata wenzangu wa fizikia, husema waya uliozungushwa unakuwa sumaku ndiyo maana unaungua. Hapana. Mkondo unaoenda na unaorudi umo ndani ya waya mmoja, sumaku zao zinafutana. Ni joto tu kukosa pa kutokea. Ndiyo maana rola nzuri zina kibandiko chenye namba mbili, mzigo wa waya ulionyooshwa na mzigo mdogo zaidi wa ulioviringishwa. Na kwa wale wa hosteli: ekstensheni ya matundu matano yenye plagi ya ampea 13 ni ampea 13 kwa matundu yote kwa pamoja. Hita ya maji na pasi kwa wakati mmoja, umeshapita.

Fyuzi iliyo ndani ya plagi nayo inaeleweka vibaya. Ipo kuulinda waya usiungue, haipo kukulinda wewe. Ukitia uzi wa shaba au kipande cha msumari mahali pake, waya wenyewe ndio umekuwa fyuzi. Na ukifungua plagi hiyo angalia kibano: lazima kibane ganda la nje la waya, si nyaya ndogo za ndani, ili ukivutwa usichomoke. Fundi makini huuacha waya wa ardhi mrefu kidogo kuliko wenzake, ili ikitokea umevutwa kweli, huo uwe wa mwisho kutoka.

Viungo vya tepu nyeusi nitavisema kwa kifupi: waya wa karakana unatakiwa uwe mzima. Kiungo kilichosokotwa kwa mkono kinalegea, kinapata joto, kinalegea zaidi. Ukikatika, ufupishe au ununue mwingine.

Kitu ambacho kingebadilisha jioni ile kabisa ni kile mafundi wanachokiita RCD, cha miliampea 30. Kijana alipogusa bati, huenda mwilini mwake ulipita mkondo wa miliampea mia na kitu. Breka ya ampea 20 haioni kitu hapo. Kwake ni kama taa ndogo imewashwa. RCD inalinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, na ikiona pungufu inakata ndani ya sehemu ya sekunde. Kama nitapewa karakana yenye bajeti ya kununua kitu kimoja tu, nitaanza na hicho.

Sheria zetu zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA yetu, msiichanganye na ya Marekani yenye jina fupi hilo hilo, na EWURA ndiyo inayotoa leseni kwa wanaofunga umeme kwenye majengo. Banda la bati lenye fundi mmoja na kijana mmoja ni mahali pa kazi pia. Ila sijawahi kumsikia fundi wa kijijini akilitaja hivyo, na simlaumu. Hata sisi tunaosoma hatujui.

Nilimpigia mjomba simu nikamsomea yote haya. Alisikiliza, akauliza swali moja tu la maana: "Sasa mwalimu, geti nitalichomelea kwa tochi?" Tukakubaliana kwa hatua. Ameshanunua waya wa mpira wa 3G2.5, mita 20, na RCD imefungwa kwenye nyumba. Tundu la bati ameliziba. Soketi ya kudumu ndani ya banda bado. Fundi mwenye leseni atatoka Mugumu, na mjomba anasubiri mageti mawili yalipwe kwanza. Kwa sasa waya unapita juu ya nguzo mbili hadi kwenye meza yake ya kazi nje, chini ya mwembe. Saa kumi na mbili jioni kijana yule anauchomoa, anaupitisha mkononi kutoka mwanzo hadi mwisho akitafuta jeraha, anaukunja, anautundika. Akiona mawingu anauchomoa mapema, hata kama mjomba hajamaliza.