Mlo wa Mimea na Lehemu ya Damu: Somo kutoka Soko la Buguruni

Asubuhi katika Soko la Buguruni, mafungu ya mchicha, matembele, kisamvu na bamia hupangwa kando ya magunia ya maharage, kunde na choroko. Jioni, mitaani, makarai ya mafuta hukaanga chipsi, mihogo na kachori. Vyakula hivyo vyote vimetokana na mimea. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye lehemu nyingi katika damu akiambiwa tu "acha nyama", anaweza kulitii agizo hilo bila kukosa hata siku moja, akala mihogo ya kukaanga asubuhi na chipsi jioni, kisha akarudi kliniki baada ya miezi mitatu na kipimo kilekile. Kosa si la mgonjwa, bali la agizo lisilokamilika.

Lehemu huzidije katika damu?

Lehemu, ambayo wengi huiita kolesteroli, si sumu. Mwili huihitaji ili kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni na nyongo, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini. Hatari huanza pale aina yake iitwayo LDL inapokuwa nyingi kwa miaka mingi. Hupenya katika kuta za ateri, hurundikana humo na kuifinya njia ya damu. Rundo hilo likipasuka, damu huganda juu yake ghafla. Jambo hilo likitokea katika mishipa ya moyo huleta shambulio la moyo. Likitokea katika mishipa ya ubongo huleta kiharusi. Kabla ya hapo mgonjwa huwa hasikii maumivu yoyote, na ndiyo sababu kipimo cha damu hakina mbadala.

Chakula huathiri LDL kwa njia mbili kubwa. Kwanza, mafuta mazito, yaani yale yanayoelekea kuganda, hupunguza uwezo wa ini kuinasa LDL na kuiondoa katika damu. Pili, nyuzinyuzi laini zilizomo katika maharage, kunde, bamia na matunda hushikana na nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo pamoja na choo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu inayochotwa kutoka katika damu.

Ushahidi unasema nini?

Mwaka 2023 jarida la European Heart Journal lilichapisha uchambuzi wa majaribio 30 yaliyolinganisha mlo wa mimea na mlo wa kawaida wenye nyama. Kwa wastani, LDL ilishuka kwa takriban asilimia 10. Nchini Kanada, watafiti wa Toronto walionyesha mwaka 2003 kwamba mlo uliopangwa kwa makini, wenye nyuzinyuzi laini, soya, lozi na viini vya mimea vinavyozuia lehemu kufyonzwa, ulishusha LDL kwa karibu asilimia 29 katika mwezi mmoja. Waliotumia dawa ya kundi la statini walipata nafuu inayokaribiana na hiyo. Lakini katika utafiti wa mwaka 2011, ambapo washiriki walipewa ushauri na kujiandalia chakula wenyewe nyumbani, nafuu ilikuwa takriban asilimia 13. Mlo una nguvu, lakini nguvu hiyo hutegemea kinachopikwa kila siku.

Kisiwa cha Mauritius kinatoa funzo jingine. Mwaka 1987 serikali yake ilibadili mafuta ya kupikia ya mgawo, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya mawese, yakawa ya soya. Kufikia mwaka 1992, katika kipindi cha juhudi za kitaifa za kuboresha afya, wastani wa lehemu katika damu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Mawese na soya yote ni mazao ya mimea. Tofauti ni kwamba karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta mazito, na kwa nazi ni zaidi ya asilimia 80, ilhali kwa alizeti ni takriban asilimia 11 tu.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Utafiti wa Lugalawa, kusini mwa nchi, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996, ulilinganisha wanakijiji waliokula mimea na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kwa wingi. Wastani wa lehemu ulikuwa milimoli 4.1 kwa wala mimea na 3.5 kwa wala samaki. Viwango vyote viwili ni vya chini. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo, lakini unatosha kuonyesha kwamba samaki hana sababu ya kuondolewa katika sahani ya mgonjwa wa moyo.

Sahani inayofaa

Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda. Robo iwe ugali wa dona, ndizi za kuchemsha au viazi vitamu. Robo iliyobaki iwe maharage, kunde, choroko au samaki asiyekaangwa. Mafuta ya alizeti yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Kisamvu na maharage vinaweza kuungwa kwa karanga zilizosagwa au kwa tui jepesi badala ya tui zito. Chumvi nayo ipunguzwe, kwa kuwa hupandisha shinikizo la damu.

Tahadhari kwa mhudumu na mgonjwa

Mgonjwa anayetumia statini asiiache kwa sababu amebadili mlo. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya kipimo. Anayetumia wafarini, kwa mfano aliyewekewa vali bandia ya moyo, asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla, kwa kuwa vitamini K iliyomo hubadili nguvu ya dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo apate ushauri kabla ya kuongeza ndizi, maharage, parachichi na mboga, ambazo zina potasiamu nyingi. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12 kutoka chanzo kingine, kwa kuwa mimea haiitoi ya kutosha.

Mhudumu wa afya anapoagana na mgonjwa, amwulize maswali matatu: jana ulikula nini, kilipikwa kwa mafuta gani, na nani hupika nyumbani? Mpishi huyo naye aalikwe kliniki siku ijayo. Kipimo kirudiwe baada ya wiki 8 hadi 12, na majibu yake yasomwe mbele ya wote wawili, ili aliyepika na aliyekula waone pamoja kilichobadilika.