Visiwani kwa Pesa ya Maharage

Mtu wa Masakta, huku kwetu Hanang, akisema anakwenda visiwani, majirani hudhani ameuza ng'ombe watatu. Wanaona kichwani ndege ndogo, hoteli ya makuti na bei za dola. Lakini visiwa vyetu vina wenyeji. Wanakwenda hospitali, wanapeleka nazi sokoni na kurudi na unga, na wengi wao ndege huiona ikipita juu tu. Wao hupanda kivuko, mashua na ngalawa, kwa nauli ambayo mkulima aliyeuza magunia mawili matatu ya maharage anaimudu.

Kinachomtoa mtu jasho huko si nauli, ni siku. Niliwahi kufika kwenye bandari moja ya kusini saa sita mchana, nikakuta boti imeondoka na maji ya alfajiri. Ya pili ilingojewa siku mbili. Gesti na chakula cha siku hizo mbili vilizidi nauli ya kwenda na kurudi. Basi kabla ya kuhesabu shilingi, hesabu siku: safari unayodhani ni ya siku sita, iandalie tisa.

Unguja sitaieleza sana, kwa kuwa ni rahisi. Boti za kasi kutoka Dar es Salaam hufika kwa saa mbili hivi, nawe uwe na kitambulisho cha taifa ili ulipe nauli ya mwananchi. Ninayempendekezea mtu wa Hanang ni Mafia, kwa sababu hapo visiwa vidogo vimekaa karibu karibu: Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu. Ukishafika Mafia kubwa, hivyo vingine unavizungukia kwa tanga.

Kalenda ya shamba nayo inakubali. Mavuno yakishaingia ghalani, na mvua za Novemba hazijakuita, una Septemba na Oktoba. Pwani wakati huo kusi iliyovuma kwa nguvu katikati ya mwaka imepungua, na kaskazi haijashika. Ni majira ya maleleji, bahari imelala. Oktoba pia ndipo papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na asiye na habari ya kumla mtu, huanza kuonekana karibu na Kilindoni, bandari ya Mafia, na huendelea kuonekana hadi Februari au Machi. Aprili na Mei ziache. Masika hutibua bahari, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Vimbunga kwetu ni nadra, na ndiyo maana hutukuta hatujajiandaa.

Sasa jambo ambalo mtu wa bara hulidharau: maji kupwa na kujaa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na bandari ndogo nyingi hazina kina cha kupokea chombo maji yakiwa yametoka. Habari njema ni kwamba saa ya bahari unaweza kuisomea nyumbani kwako, chini ya Mlima Hanang. Ni mwezi. Ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama, pwani yetu iko kwenye bamvua: maji hujaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, yaani urefu wa nyumba ya kawaida mpaka kwenye paa. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi, lakini kwa uvivu, na wenyeji huyaita maji mafu. Mtu aliyejua hili hafiki bandarini saa sita mchana wa bamvua akauliza boti iko wapi. Mimi nililijua kwa kulipia.

Njia yenyewe ni hii. Panda gari hadi Babati, kisha basi la Dodoma kupitia Kondoa. Barabara hiyo ni lami yote tangu 2018, na wazee wanaokumbuka vumbi la Kondoa watakuambia hiyo ni neema. Dodoma utapata treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar es Salaam katikati ya 2024. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 31,000, na mwendo ni wa saa nne hivi. Ukishuka Dar es Salaam, usilale mjini kama unaweza kuepuka. Nenda Mbagala Rangi Tatu, yanakoanzia magari ya kusini, uulize la Nyamisati, wilaya ya Kibiti. Nyamisati ni bandari iliyo kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na hapo ndipo kivuko cha serikali cha MV Kilindoni, kilicho chini ya TEMESA, huanzia kwenda Mafia. Boti za watu binafsi pia zipo. Siku na saa za kuondoka hubadilika, kwa hiyo tafuta namba ya mtu wa bandarini ungali Dodoma, umpigie, na umpigie tena asubuhi yake.

Kuhusu chombo nitakuwa mkali. Nchi hii imezika watu wengi mno waliozama na vyombo: MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, Skagit mwaka 2012, MV Nyerere mwaka 2018. Bajeti ndogo isikupandishe chombo usichokiamini. Kabla ya kuingia, simama ufukweni ukitazame. Ubavu wake umebaki kiasi gani juu ya maji? Kama mtu aliyekaa ubavuni anaweza kuosha mikono baharini bila kuinama, subiri kingine. Hesabu majaketi ya kujiokolea, usikubali kuambiwa yapo chini ya mizigo. Mtazame kijana anayefua maji ya ngama, yaani anayeyachota chini ya chombo na kuyamwaga nje: akifua mara moja moja ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini akifua bila kupumzika kabla hamjang'oa nanga, shuka. Utabiri wa bahari hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, pamoja na kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, na ukaguzi wa vyombo upande wa bara ni kazi ya TASAC. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru, umwamkie shikamoo, urudi gesti. Huyo ndiye wa kusafiri naye kesho.

Kichefuchefu kitakupata, wengi wetu wa milimani hatuna ujanja. Usipande na tumbo tupu wala lililojaa. Muhogo mkavu na tangawizi vinasaidia, na macho yaelekeze mbali mstari wa maji unapokutana na mbingu. Kaa katikati ya chombo. Ukizidiwa, tapikia demanini, upande upepo unakoelekea. Anayetapikia joshini hujikuta amewagawia abiria wote.

Simu, fedha na nguo kavu ziweke kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ni marufuku tangu Juni 2019, na ndoo ni bora kwa vyovyote, maana utaikalia. Chukua na shuka lako la nyumbani. Alfajiri baharini ina baridi ambayo hata mtu wa Hanang ataitambua.

Kilindoni kuna gesti za kawaida na wali kwa samaki. Kwenda Utende ni kama kilomita 15 za lami, na hapo unaingia eneo la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa 1995. Lipa ada ya mwananchi na udai risiti. Kutoka Utende, mashua ya abiria huvusha watu hadi Chole kwa dakika chache. Chole ndiko Wajerumani walikokuwa na makao yao kabla ya kuyahamishia Kilindoni, na magofu yao bado yameshikwa na mizizi ya miti. Juani kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili uliovunjwa na Wasakalava kutoka Madagaska karne ya 19. Kwenda huko kodisheni mashua nzima mkiwa sita au wanane, mkubaliane bei, saa ya kurudi na nani analipa chakula cha mabaharia, yote kabla ya kupandisha tanga. Vaa kwa heshima, piga hodi, na mtu usimpige picha bila ruhusa.

Fedha ya kurudi ifunge fundo lake usiliguse. Na tiketi ya treni ya kurudi Dodoma usiinunue ukiwa kisiwani. Inunue ukishakanyaga Nyamisati.