Nitajuaje Kama Programu ya Simu Inanifuatilia?

Swali: Nimepakua programu ya tochi kwenye simu yangu ya Android, ikaomba kujua mahali nilipo. Nitajuaje kama ina vifuatiliaji vilivyofichwa?

Jibu: Tochi haihitaji kujua uliko ndipo iwake, kwa hiyo umeshuku vyema. Kifuatiliaji ni kipande cha msimbo wa kampuni nyingine kilichopachikwa ndani ya programu, mara nyingi kwa ajili ya matangazo au takwimu za matumizi. Kukataa ruhusa hukipunguzia taarifa, lakini hakukiondoi.

Anza na tovuti ya Exodus Privacy, shirika la Ufaransa lisilo la kibiashara lililoanzishwa 2017. Tafuta jina la programu, nawe utaona vifuatiliaji vilivyotambuliwa pamoja na ruhusa zinazoombwa. Ila zingatia kwamba uchunguzi huo husoma msimbo bila kuiendesha programu. Kifuatiliaji kinaweza kuwamo na kisitume chochote. Na kisichokuwa kwenye orodha yao hakitaonekana.

Ukitaka kuona kinachotumwa, programu ya DuckDuckGo ya Android ina kinga inayozuia vifuatiliaji vya programu nyingine na kukuonyesha ilichozuia. Kwenye iPhone, tangu iOS 15.2, mipangilio ya faragha ina ripoti ya tovuti ambazo kila programu huwasiliana nazo.

Maelezo ya usalama wa data kwenye Play Store usiyategemee peke yake, kwani hujazwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kwa hali yako, ifute tu. Simu nyingi za Android zina tochi yake tayari: telezesha kidole kutoka juu ya skrini.